Kimya na Dirisha Langu la Pande Tatu

Fundi mapazia wa mtaani kwetu tunamwita Kimya, maana kumtoa neno ni kazi. Dirisha la chumba changu limetokeza nje kwa pande tatu, na wapita njia walikuwa wakiniona hadi kitandani. Fundi wa kwanza alifunga mabomba matatu ya pazia yaliyonyooka, pazia likakwama kwenye kona.

Kimya alipokuja hakutoa hata futi. Alibandika magazeti ukutani, akayakunja kufuata kona, akachora kwa penseli.

"Umekuja kupima au kusoma?" nikamuuliza.

"Ukuta wako umepinda, bibi. Futi itanidanganya."

Ukuta wangu! Nilisimamia mwenyewe kila tofali likiwekwa. Nikajua huyu ni tapeli, nikaficha hata redio.

Siku ya tatu akarudi na reli moja ndefu, imekunjwa sawasawa na yale magazeti. Akaifunga kwenye dari. Nikavuta pazia polepole nikingoja likwame. Likapita kona zote mbili, likafunga.

"Haya, toka nje uchungulie," nikamwambia.

Akapaza sauti kutoka barabarani: "Sikuoni, bibi!"

Nikapunga mkono. "Na sasa je?"

"Sioni kitu!"

Sikuridhika. Nikamwita na jirani yangu, naye aje achungulie.