Vijiko vya Fundi Godoro

Fundi Godoro, mwana wa fundi magodoro, mjukuu wa mchambua pamba, ndiye aliyewashonea maharusi wa mtaa mzima godoro lao la kwanza, na ndiye huyo huyo asiyepata usingizi. Tangu aache pombe, usingizi umemhama. Kukipambazuka dada yake mkubwa humkuta keshaketi mkekani, macho mekundu, shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kazi yake, na shavu moja limevimba kwa peremende ya kutulizia hamu ya pombe. Chai huitia sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama chenyewe. Hapo ndipo watu wanapomchefua yule dada. Fundi alipokuwa akirudishwa nyumbani kalewa, amebebwa kama gunia, nani alimhesabia chupa? Leo ndipo wanajua kuhesabu vijiko!

Juzi shemeji yao, mume wa mdogo wao, aliwakuta wawili hao kwenye kibanda cha kushonea, akaingia akicheka, chupa ya pombe kwapani. "Fundi, na sukari yote hiyo utajitafutia kisukari bure. Piga funda moja tu, ulale kama mtoto!"

Dada akanyanyuka, ulimi umeshapata moto. Fundi akamwashiria akae. Aliitazama ile chupa, akahamishia peremende shavu la pili. Kisha akachomeka shazia kwenye godoro, akavuta uzi hadi mwisho.

"Shemeji," akasema, peremende ikigonga meno, "hiyo kaimwage mtaroni, mbele ya macho ya dada. Halafu unipitie dukani. Sukari imeniishia."