Upepo wa Watu Wawili

Kificho, fundi baiskeli wa Madungu, hapimi upepo kwa chombo. Huubonyeza mpira kwa dole gumba, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu kama kadhi. Alasiri ile hukumu ilimwangukia Hija, mshona nguo, aliyekuwa akirudi kwao Vitongoji.

"Yakhe, gurudumu la nyuma gumu mno hili! Kwani weye wampakia nani?"

Hija akajitia kufuta kiti.

Jibu Kificho alilijua. Moza, mkewe Hija, alipokuwapo, kila asubuhi alikaa upande kwenye keria hadi kibandani mjini. Mume akishona, mke akitia vifungo. Uzito wa wawili ulitaka mpira mgumu, ukilegea kidogo tu ringi inagonga mawe. Moza mwenyewe ndiye aliyekuwa akibonyeza kwa kidole chake chenye hina na kusema, "Tia tena." Sasa yuko Maskati, mwaka wa tatu, analea watoto wa watu. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili.

Na Hija, mkaidi yule, bado anajaza upepo wa watu wawili. Njia nzima baiskeli inamrusha. Mara mbili mpira umempasukia alipoiacha juani kando ya majamvi ya karafuu, na wala hakukoma.

"Nipunguze?" Kificho akauliza.

Mgongo ulikuwa umemchosha Hija. "Haya, punguza."

Kweli, baiskeli ilikwenda laini. Hija akateremka bondeni akistarehe, akalipita daraja, akapanda upande wa pili. Ndipo akasimama ghafla. Pale darajani pana shimo, na miaka yote, hata alipokuwa peke yake, gurudumu likiruka hapo alisema, "Jishike, Moza." Leo gurudumu halikuruka, naye hakusema kitu. Alimsahau. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, alimsahau, na jambo hilo likamtisha kuliko miaka yote mitatu.

Akageuza baiskeli, akarudi Madungu.

"Ina nini tena?" Kificho akauliza.

"Nitilie upepo."

"Kwani bibie aja lini?"

"Hajasema."

Kificho hakumtania. Akachukua pampu, akajaza hadi jasho likamtoka, kisha akamwachia Hija abonyeze mwenyewe. Dole halikuzama hata kidogo.

"Tia tena," akasema Hija.