Kocha Wetu Alipokwenda Bungeni

Chuoni tulimwita Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa kutukimbiza uwanjani tu. Nilichezea timu yake ya netiboli. Nilipohitimu nikapangiwa shule ya msingi jirani na Ushirombo, na mwaka wa pili nikasikia anagombea ubunge huku kwetu.

Enzi zile za chama kimoja, wagombea wawili walizungushwa pamoja, gari moja, jukwaa moja. Mwalimu alipewa alama ya nyumba. Mpinzani wake, aliyepewa alama ya jembe, karani wa ushirika wa pamba, alikuwa msemaji hasa, lakini siku walipofika shuleni kwetu sauti ilikuwa imemkauka. Alijaribu mara mbili, akaishia kukohoa. Mwalimu akasimama.

"Ndugu yangu huyu nimemsikiliza wiki nzima," alisema. "Nitawaeleza ya kwake kwanza, halafu yangu."

Akayaeleza vizuri, hata pale karani alipozoea kumsema kuwa ni mtu wa mipira asiyejua shida za mkulima. Watu walicheka hadi machozi. Alishinda.

Miaka mitatu baadaye alikuja kufanya mkutano. Mama mmoja akasimama, akamwambia wajawazito wanajifungulia kwenye mikokoteni ya ng'ombe, njiani kwenda hospitali ya misheni.

"Nimeomba mkunga mara mbili, mayu, nimenyimwa mara mbili," Mwalimu alimjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Nitaomba tena."

Watu wakaguna, wengine wakaondoka. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilipompelekea maji ya kunywa nikamwambia, "Mwalimu, si ungesema tu yuko njiani?"

"Na yule mama akimngoja?"

Akanirudishia kikombe.

Uchaguzi uliofuata karani alimshinda, kwa kura nyingi. Mwezi haujaisha, mkunga akashuka kwenye lori la pamba na kitanda chake cha chuma, na kijiji kizima kikamshangilia mbunge mpya. Nilikasirika, maana aliyemwomba mara zote alikuwa Mwalimu. Nikapanda basi hadi Nyahanga, ambako Mwalimu alikuwa amerudi kulima, nikamkuta shambani anapalilia karanga.

"Shikamoo, Mwalimu. Mkunga amefika, na sifa kachukua mwingine!"

"Marahaba. Amefika?" Aliweka jembe chini. "Akina mama wanamwendea?"

"Wanapanga foleni."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyepata barua nzuri, kisha akamwita mkewe aje anisikilize, nikasimulia upya tangu mwanzo.