Uzi wa Mkono wa Kushoto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake alinisomea barua niliyokuwa nimeisoma mara nne. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona msomi. Nakuandikia habari zake kwa sababu juzi, ulipokuja kuniona kutoka Nunguni, ulinionyesha kwenye simu yako barua pepe ya mteja wa parachichi zako. Ilisema ghala lake limehama, mzigo upelekwe kwingine, na ufanye haraka. Ulipoona nimekunja uso ulicheka: "Mzee, haya ni mambo ya siku hizi, wewe huwezi kuyajua." Nilikunywa chai yangu. Nayajua, mwanangu. Nilikutana nayo katika mji mdogo wa Kabati, yakiwa yamebandikwa stempu.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, miguu yangu tu haikutaka kukaa chini ya dawati. Nilipakia mchanga Mukuyuni, nikawa utingo kwenye lori la mahindi, nikachoma matofali, nikawapikia wajenzi wa daraja ingawa sikujua kupika, nao walinivumilia wiki mbili. Kila nilikofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Nilisoma chochote chenye herufi, hata gazeti lililofungiwa sukari, na nikiona limechanwa katikati ya habari nilirudi dukani kuulizia kipande kingine.

Ndiyo sababu nilipofika Kabati, miaka ya themanini ikianza, wanawake wa kikundi cha kusuka viondo, vile vikapu vya mkonge, walinipa kazi ya kuwasomea barua na kuwaandikia majibu. Walikuwa wapatao thelathini, wakikutana katika chumba nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Syombua. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi ya kusokota mkonge juu ya paja huku akikusikiliza, hata usijue kama anakusikia. Alikuwa anasikia.

Mnunuzi wao alikuwa Bwana Kilonzo, mwenye duka Nairobi, aliyeviuza viondo kwa watu wa ng'ambo. Alipotaka mzigo aliandika barua, na ndani ya bahasha alitia kipande cha uzi wa mkonge chenye mafundo mawili. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni upana wa mdomo wa kiondo. Kutoka hapo hadi la pili ni kimo chake. Wanawake wengi hawakujua inchi, kwa hiyo waliulaza uzi juu ya kazi yao wakaona kama imefika. Mimi nilidhani uzi ni wa hilo tu.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Wanawake walichimba maji kwenye mchanga wa mto, wakiondoka asubuhi na kurudi jua likiwa kichwani, kisha ndipo wakaja kusuka. Walitaka tangi la kukinga maji ya paa la kanisa. Msingi wake wa mawe walikuwa wameshaujenga, duara nzuri kabisa, na kuku wa mchungaji walikuwa wameufanya kwao. Viondo mia mbili na arobaini vilivyopangwa ukutani, kazi ya miezi minne, ndivyo vingekuwa tangi. Vikipotea hivyo, hapakuwa na vingine.

Sasa nikuambie nilivyoharibu, na usicheke kabla sijamaliza.

Kwenye sanduku la posta la kikundi ilikuja barua ikisema mwenye sanduku amechaguliwa kupata zawadi, ila kwanza aeleze yeye ni nani, anafanya biashara gani, na nani mnunuzi wake. Mwanangu, mimi nilikuwa sijawahi kuulizwa maswali. Mimi ndiye niliyekuwa muulizaji siku zote! Nilijibu kurasa tatu. Niliwasifu wale kina mama, nikamtaja Bwana Kilonzo, nikataja na idadi ya viondo tulivyokuwa navyo. Zawadi haikuja. Kilichokuja ni barua za kila aina: dawa za kuvuta wateja, pete za bahati, na moja iliyotaka niinakili mara ishirini na kuisambaza, la sivyo ningepatwa na balaa. Niliinakili mara kumi na saba, wino ukaisha, nikakaa wiki nzima nikingojea balaa.

Balaa lilikuja kwa taipu. Barua ilikuwa na mhuri na jina la Bwana Kilonzo chini. Ilisema ghala limehama, mzigo usipelekwe tena mahali pa zamani, gari litakuja kuuchukua Kabati Alhamisi ya wiki ya pili, na meli inaondoka, kwa hiyo tusipoteze muda kuuliza. Niliwasomea kwa sauti ya mchungaji. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Syombua aliendelea kusokota.

"Uzi uko wapi?" akauliza.

Nikatikisa bahasha. Hakukuwa na uzi.

"Mwaitu," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "hii barua imepigwa taipu. Iko na mhuri. Uzi ni mambo ya kitambo."

"Mimi pia ni wa kitambo," akasema. "Viondo vikae."

Niliona aibu mbele za watu. Nilimwona mkaidi, mwanamke wa kijijini anayetaka kukosesha wenzake tangi kwa sababu ya uzi. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso. Nilimwandikia yule mtu, kwa anwani iliyokuwa kwenye barua yake, kwamba kina mama hawatatoa mzigo bila kipande cha uzi wa mkonge chenye mafundo mawili, la mdomo na la kimo. Nikampa na vipimo. Sikumwambia mtu.

Jumatatu ya wiki ile ya gari, barua ya pili ikaja. Nilipoipapasa nikasikia uzi ndani. Nilikimbia kutoka posta mpaka kanisani, nikauinua juu kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Si niliwaambia!"

Walifurahi sana. Mama Kalekye, mnene, mcheshi, fundi wa kuchanganya rangi, alisimama akacheza. "Aiya! Hata tangi limeanza kujaa!" Wengine wakaanza kuvishusha viondo ukutani na kuvifunga. Uzi ulilazwa juu ya kiondo. Mdomo sawa. Kimo sawa.

Mama Syombua akasema, "Lete." Akauweka juu ya paja lake, akauviringisha mara moja kwa kiganja, vile alivyofanya maelfu ya mara. Uzi ukafunguka. Nyuzi zake mbili zikaachana kama watu waliogombana.

"Huu haukupita kwenye paja langu," akasema.

Nilikuwa nimemtazama akisokota kwa miezi na sikuwa nimeona: alitumia mkono wa kushoto. Wenzake wote walisokota kwa kulia. Uzi wake ulijipinda kinyume na wa kila mtu, na wenzake walikuwa wakilalamika kwamba hausukiki pamoja na wao. Siku ya kwanza walipoelewana na Bwana Kilonzo, Mama Syombua mwenyewe alimpa bonge la uzi wake, akamwambia kila akitaka viondo akate humo. Uzi aliousokota yeye, akiurudisha pajani, unakaza. Wa mtu mwingine unafunguka. Hakumwambia mtu sababu, hata mumewe. Kwa miaka yote ile, kila barua iliposomwa, aliuchukua uzi na kuuviringisha, na sisi tulidhani ni mazoea ya mikono.

Waliokuwa wakifunga viondo wakaviacha. Kisha Mama Syombua akauliza taratibu, "Huyu mtu amejuaje habari ya mafundo?"

Hakunitazama. Angenitazama ningedanganya, maana nilikuwa hodari wa kudanganya nikiangaliwa. Kwa vile alikuwa anaangalia uzi, nilisema yote: zawadi, kurasa tatu, na barua ya siri. Mama mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema nifukuzwe saa hiyo hiyo, nami nikawa tayari nimeinua kofia yangu, maana kuondoka ndiyo kazi niliyoijua.

"Keti, mwanake," Mama Syombua akasema, yaani kijana. "Hata mwizi hakujua mlango wetu unafungwaje mpaka ukamwambia. Sasa amejua nusu. Wewe ndiye utaenda kuangalia nusu ile ingine. Kesho panda basi na Mama Kalekye, muende dukani kwa Kilonzo, pale pa zamani tunapopajua. Msiende anwani ya hii barua. Msiiulize barua kama ni ya kweli. Muulizeni mtu."

"Na kama kweli amehama?"

"Jirani zake watasema."

Kutwa nzima ndani ya basi Mama Kalekye alinitania. "Jamani, msimwambie huyu jina la kijiji chenu, ataandikia watu!" Abiria walicheka bila kujua wanacheka nini. Lakini tulipokaribia Nairobi aliacha utani, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, omba Mungu awe mahali pake." Hapo nikajua kwamba naye alikuwa akiogopa.

Bwana Kilonzo alikuwa mahali pake, kwenye kiti chake, akila ndizi. Hakuwa amehama hata meza. Alituonyesha bonge la uzi kwenye rafu, limeshika vumbi. "Sijalikata tangu mwezi wa nne," akasema. Kisha akalishusha, akakata kipande mbele yetu, akapiga mafundo mawili, akatukabidhi uzi huo tuupeleke. Nilirudi nao mfukoni, na kila gari liliposimama niliupapasa kuona kama bado upo.

Jumatano Mama Syombua aliuviringisha uzi ule pajani. Ukakaza. Sijawahi kuona watu wakishangilia kitu kidogo namna ile.

Alhamisi pikapu ilikuja kweli. Mtu aliyeshuka alikuwa amevaa suti, mchangamfu, anajua hata majina niliyomwandikia. Aliwakuta wanawake thelathini wameketi mlangoni wanasuka, na viondo viko ndani nyuma yao.

"Karibu, baba," Mama Syombua akasema. "Keti unywe uji. Tumemwita chifu aje auone mzigo wetu ukiondoka, maana ni siku kubwa."

Yule mtu akatazama saa. Akasema anaenda kutia mafuta, anarudi sasa hivi. Mama Kalekye akamfuata na bakuli mpaka kwenye gari: "Baba, uji! Uji wako unapoa!" Hakurudi. Uji niliunywa mimi.

Mama Syombua hakunifukuza, mwanangu. Adhabu yangu ilikuwa kuketi katikati ya wanawake mchana mzima na kusokota mkonge juu ya paja langu mwenyewe, nami mwanamume. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nywele za paja ziliisha zote. Uzi wangu ulikuwa kama mkia wa ng'ombe mgonjwa. Nilipouliza kwa nini ananiweka pale, alisema, "Nataka mikono yako ijue kazi ambayo mdomo wako ulitaka kuitoa bure."

Nilimfanyia kazi miaka mitatu baada ya hapo, muda mrefu kuliko niliokaa mahali popote. Alinipa utaratibu. Barua inasomwa mbele ya wanawake watatu. Hajibiwi mtu siku hiyo hiyo. Barua inalala kwanza ndani ya kiondo, na ikisema ni ya haraka inalala siku mbili. Za zawadi na balaa tulikuwa tukizitia jikoni tukachemshia chai, bila kujibu hata kusema hatutaki, kwa sababu alisema mtu akijibiwa anajua kuna mtu. Nimekutana na wenye digrii tangu wakati ule, na maofisa wa ofisi kubwa, na sijamwona aliyeilinda biashara yake vizuri kama yule mama aliyetia sahihi kwa kidole gumba.

Basi, mwanangu, nakwambia alivyoniambia. Yule anayekuandikia kwamba mambo yamebadilika, usimjibu kwa anwani aliyokupa yeye. Mpigie mteja wako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au panda gari uende umwone. Usimweleze mgeni biashara yako kwa sababu amekusifu. Akikosea alama yenu, usimsahihishe. Mwache akae na kosa lake. Kubalianeni na wateja wako, uso kwa uso, jambo dogo ambalo haliandikwi popote. Wafanyakazi wako wajue kwamba aliyebonyeza mahali pasipofaa atakuja kukwambia bila kuogopa kufukuzwa, maana kama ningefukuzwa kabla ya kusema, lile tangi lisingekuwepo.

Nalo lipo, maana viondo vyote tulimpelekea Bwana Kilonzo akavilipia. Ukipita Kabati, nyuma ya kanisa, limechakaa, limezibwa zibwa kwa saruji, lakini mvua ikinyesha linajaa. Uzi wa Bwana Kilonzo nilipewa siku niliyoondoka. Nimeutia ndani ya bahasha hii, na ukiuviringisha kwa mkono wa kushoto utaona bado unakaza. Mungu wa Mama Syombua akupe mikono yenye kazi na macho yasiyo na haraka. Kila unachokipanga ukutani kiondoke kwa mlango wake, kwa mtu wake, na wewe ubaki na maji nyumbani kwako.