Mama Mkwe Hukaa Nyuma

Juzi nikishuka kutoka Ruiri, mtoto wangu amelala kwenye kiti cha nyuma, nilikanyaga breki na gari likatetemeka. Nikasimama kwa fundi mmoja hapa Kianjai. Hata hakuingia ndani ya gari. "Mathe, hizo ni diski za mbele. Nunua mpya." Nikamwambia usukani umetulia, kinachocheza ni kiti, kwa hivyo shida iko nyuma, afungue dramu za breki. Akacheka na wenzake. Nikamwambia apande. Barabarani nikavuta handbreki polepole, kwa sababu hiyo inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Kiti kikacheza chini yake, kicheko kikaisha.

"Nani alikufundisha?"

Nikamshusha kwa wenzake, hasira imenijaa. Wewe nitakuambia, lakini usinihurumie.

Baba alikuwa fundi, na hakunifundisha mimi. Alimfundisha dada yangu. Unajua majina yetu yanavyoenda: msichana wa kwanza hubeba jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Basi dada alikuwa mama wa baba, na ndivyo alivyomwita, Mama. Mimi aliniita Mama Mkwe. Watu walicheka, nami nilicheka nao mpaka nikafika umri wa kuelewa. Mama yako unakaa naye karibu, mnakula sahani moja. Mama mkwe unamheshimu, kwa umbali.

Jumamosi, tukishamaliza kukatia ng'ombe nyasi na kuchota maji, tulikimbilia gereji ya baba. Ah, ile harufu! Grisi, petroli, na githeri ya mahindi mabichi na maharagwe ambayo mama alituletea kwa sufuria iliyofungwa kitambaa. Tulikula tumekalia matairi. Wateja wengi walikuwa madereva wa pikapu za miraa kutoka Maua. Walishuka milima mguu ukiwa kwa breki mpaka magurudumu yakatoa moshi, halafu wakaosha gari kwa maji baridi papo hapo. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapinda. Baba aliwaambia kila siku, na kila siku walirudi.

Baba hakufungua gurudumu kabla ya kwenda mteremko wa chini ya soko. Dada alikaa mbele naye, mkono wake juu ya usukani kando ya mkono wa baba. Mimi nilitupwa nyuma kwenye bodi ya pikapu, matako juu ya bati tupu, viganja chini. Baba akikanyaga breki aliuliza, "Mama?" Halafu, kupitia kidirisha kilicho nyuma yake, "Mama Mkwe?" Usukani ukicheza ni diski za mbele. Bati likicheza ni dramu za nyuma.

Karibu kila mara ilikuwa mbele. Dada alishuka akiwa ameinua shingo. "Mama Mkwe, umeona nini huko? Vumbi?" Kwa wivu nilikula githeri nikimpa mgongo.

Siku moja ikaja pikapu ya Maua. Baba akakanyaga breki.

"Mama?"

"Usukani unaruka, baba."

"Mama Mkwe?"

Bati lilikuwa limetulia kama kitanda. "Nyuma kunatetemeka, baba. Sana. Kushinda huko mbele."

Dada akageuka. "Anadanganya!"

"Nyamaza, Mama. Wewe ndiwe umekaa huko?"

Hayo maneno, mwenzangu, sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Akafungua dramu, akazipeleka zichongwe. Mchana wote nilisimama kando yake nikimpa spana, na dada akaosha nati.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Dereva akarudi akipiga honi, watu wakajaa. "Fundi! Gari imeruka mikononi mwangu pale mteremko, nusura niingie kwa ng'ombe za watu! Ulitengeneza nini?"

Dada akanitazama. Nikangoja kutajwa.

"Kosa ni langu," baba akasema. "Nilisikia vibaya."

Alitoa diski alasiri hiyo bila kula. Hakunipiga. Afadhali angenipiga, tukamaliza. Tangu siku hiyo alijipimia mambo ya nyuma mwenyewe, akivuta handbreki polepole, nami nikimwona kupitia kidirisha. Hakunifukuza. Nilipanda kama kawaida. Mbele nilisikia, "Mama?" na dada akijibu kwa ile sauti yake.

Sasa gereji imekuwa duka la kava za simu. Baba tumemzika kando ya migomba. Mafundi wa siku hizi wanakuuzia kipuri kabla hujafungua mlango, na hakuna anayekupeleka mteremko kukuuliza mwili wako umesikia nini. Dada yuko Nairobi, na kwenye mazishi alisimama mbele ya watu akasema baba alimfundisha kusikiliza gari. Watu wakalia. Nilikaa nimempakata mtoto, nikitafuta uongo ndani ya hayo maneno nimrushie. Sikupata. Ni kweli, alimfundisha, na hiyo kweli inanichoma mpaka leo.

Mimi nilipanda ile bodi miaka minne mingine, nikijua kila dramu iliyopinda kabla gari halijasimama, jibu likiwa mdomoni, la kweli kila siku, na kidirishani hakuna aliyeuliza.