Mstari Nilioupima Mara Mbili

Siku moja, mwanangu, nilivua saa ya mkononi nikaitundika kwenye tawi la mgunga ili ninawe mikono hadi mabegani kwa maji ya dumu. Niliporudi kuinua mashine ya kupimia mionzi, ile mashine iliyokuwa ikitatarika siku tisa mfululizo ilikuwa imetulia. Nikaichukua saa, mashine ikaanza tena. Nikaitundika saa, ikatulia. Nilifanya hivyo mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza sikukubali kuamini.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa sabuni na khanga na karibu kila kijana akivaa mitumba. Watu wenye vibali vya kutafuta madini walionekana hata kwetu, magharibi ya Dodoma, ng'ambo ya Bahi, ambako zamani mgeni alikuwa mnunuzi wa ng'ombe tu. Kundi moja lilikuwa likitafuta urani. Lilihitaji vijana wanaosoma tarakimu, wabebe kipima mionzi kwenye mistari iliyofyekwa porini, wasimame kila hatua hamsini, wasome sindano, waandike daftarini, kisha wasonge mbele.

Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Mama alitangulia, na baba, aliyekuwa mtu wa reli, akamfuata kabla hatujavuna mara mbili. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu watatu: Nyemo, msichana wa darasa la sita, Daudi, na Sela ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Matanga yalipoisha ndugu walitaka kutugawana. Nyemo angekwenda kwa shangazi Chemba, Daudi akachunge ng'ombe wa baba mdogo, na Sela angekwenda kwa yeyote atakayemtaka. Nilipiga magoti, nikaomba muda. Wakasema, "Ukipata kazi ya kudumu kabla ya mvua, baki nao. Usipopata, tutawachukua."

Unaelewa sasa kwa nini mstari wangu ulipoonyesha mionzi mingi kuliko mistari yote, nilifurahi kama niliyeiweka urani ile mwenyewe ardhini. Mjiolojia aliniita kwa jina. Mtambo wa kuchoronga ungeletwa kutoka mjini utoboe kwenye mstari wangu, nami ningekuwa mtu wa mtambo, kazi ya kudumu.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Salimu, fundi wa vipimo, mtu wa Kolo. Siku ya kwanza alituambia saa zote ziachwe kambini. Hakueleza sababu, nasi tulidhani hataki tujue muda wa kutoka kazini. Wenzangu wakaacha zao. Mimi nilikuwa na saa ya marehemu baba, ile ya reli yenye rangi inayong'aa gizani, na baba mdogo alishaanza kuitolea macho, kwa hiyo sikuthubutu kuiacha popote. Niliifunga juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa koti. Sikujua kwamba rangi ile yenyewe ilikuwa ikitoa mionzi.

Baada ya kugundua, nilinyamaza siku tatu. Kila nilipotaka kusema nilimwona Sela akipakiwa kwenye baiskeli ya mtu.

Jumapili nikamweleza Nyemo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Hakushtuka. Aliigeuzageuza saa mkononi, akauliza, "Sasa kaka, saa peke yake inasema ngapi? Si tunaitoa tu?"

Nilitamani kumbeba. Mashine ilikuwa kwangu. Tukaipima saa peke yake, tukakaa na penseli mchana kutwa, tukapunguza tarakimu ileile kwenye kila kituo. Hadi jua linazama tulikuwa na daftari jipya, safi. Niliona nimemaliza.

Ngoja kidogo nikuambie habari za Nyemo. Leo yeye ndiye anayefanya utafiti wa migongano ya chembe, ughaibuni, na kila akija likizo wazee wenzangu humtania: "Mwanafizikia, umegonganisha nini mwaka huu?" Hucheka, kisha hueleza kwa subira. Chembe ndogo kuliko chochote kinachoonekana hukimbizwa kwa kasi kubwa mno na kugonganishwa uso kwa uso. Zinapogongana hutawanyika chembe nyingine, na baadhi hutoweka hata kabla mtu hajaanza kupepesa jicho. Kinachobaki ni alama ndani ya vitambuzi vya mionzi, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka kuzunguka mahali pa mgongano. Kazi yake ni hivyo vitambuzi. Aliniambia kwamba muda wake mwingi huenda katika kukisikiliza kitambuzi wakati hakuna kinachogongana, ajue chenyewe kinasema nini kikiwa peke yake.

"Nisipojua hilo, kaka, nitatangaza kelele za chombo changu kuwa habari za ulimwengu."

Mwaka mmoja yeye na wenzake waliona alama ambayo ingewapa majina makubwa. Hawakuitangaza. Walirudia vipimo mwezi baada ya mwezi, mpaka ile alama ikapungua na kupotea kabisa. Nilimuuliza kama aliumia.

"Niliumia sana," akasema. "Halafu nikaenda kazini."

Turudi porini. Jumatatu asubuhi nilimfuata Mzee Salimu nikiwa najiona mjanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Madaftari mawili leo? Umeongeza mke?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiitazama saa, uso haubadiliki.

"Kwa hiyo," akasema, "mtambo mzima utoke mjini, uje porini kuichimba saa ya marehemu baba yako."

Nilikaribia kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Nilisema saa ziachwe. Hukusikia?"

"Nilisikia, mzee. Nilidhani hutaki tujue muda wa kutoka."

"Muda wa kutoka! Jua lote lile pale juu nilificha wapi?" Akafungua daftari jipya. "Na huu ni utaalamu gani?"

"Nimeitoa saa. Kila kituo nimepunguza sawasawa."

"Siku zote uliifunga mkono huohuo?"

"Siku nyingine niliiweka mfukoni."

"Siku zipi?"

"Sikumbuki, mzee."

Akafunga daftari, akanirudishia. "Basi unapunguza kitu usichokijua. Kwanza ulikosea bila kujua, hilo nakusamehe. Hili la leo umekaa na penseli ukalitengeneza. Mtambo unafika Ijumaa. Nenda karudie."

"Mstari wote?"

"Mara ya kwanza uliruka kituo gani?"

Hayo tu. Akanipa kisogo akaendelea na chai yake.

Nilikuwa na siku nne za kazi ya siku tisa. Saa niliiacha kambini. Niliondoka nyumbani kabla ya wenzangu wa kambini kuamka, dumu begani, mashine mkononi. Kila kituo niliiweka chini, nikasubiri, nikasoma, nikaandika. Jumanne miiba ilipasua kandambili, nikaendelea na moja. Jumatano nilitamani kukisia vituo vichache vya mwisho, maana sindano ilikuwa ikikaa mahali palepale kila mara. Nikasikia hatua nyuma yangu. Mzee Salimu alikuwa akija na mashine yake, akipima nilipopima. Nikaiweka mashine chini, nikasoma; sikukisia.

Alhamisi jioni mstari ukaisha. Haukuwa na kitu. Ulikuwa sawa na mistari mingine yote. Mjiolojia alilisoma daftari, akalifunga taratibu, akasema mtambo upelekwe kwingine. Kazi ya mtambo akapewa kijana wa upande huo.

Jumapili ndugu wakaja.

"Kazi iko wapi?" baba mdogo akauliza.

Nikaeleza. Akawatazama wenzake. "Yaani umejifukuza mwenyewe?"

"Nimesema kweli, baba mdogo."

"Hawa watoto watakula kweli?"

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba swali hilo nimelipatia jibu hata leo. Nilikuwa na kibarua kimoja tu alichonipa Mzee Salimu: kupima jiwe moja pale kambini kila asubuhi na kila jioni, ili wajue kama mashine zimebadilika. Kibarua cha hadi mvua tu. Kwa ajili ya kibarua hicho wakaniachia wasichana wawili. Daudi walimchukua. Aliondoka na blanketi lake bila kulia, na mimi nikamwambia mbele yao wote, "Nitakufuata." Nilichimba visima, nikafyatua matofali, nikabeba mawe ya barabara. Baada ya mavuno mawili nilikwenda kwa miguu, nikasimama uani kwa baba mdogo, nikamrudisha mdogo wangu nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja tena kutugawana.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningenyamaza ingekuwaje. Labda Daudi asingechunga ng'ombe wa watu. Lakini shimo lingetobolewa, likakutwa tupu, na kila mtu kambini angeulizwa. Zaidi ya hapo Nyemo, aliyekaa na penseli pamoja nami, angejifunza kwangu kwamba kosa linamalizwa kwenye karatasi. Badala yake aliniona narudi nyumbani siku nne mfululizo, miguu imevimba, nalala, naamka, nakwenda tena.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kabla hujawaambia watu ulichokiona, jikague kwanza uone wewe mwenyewe umebeba nini. Ukipewa sharti usilolielewa, uliza sababu, usilizunguke. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, kwa maana zile siku tatu nilizonyamaza ziliniuma kuliko miiba. Usirekebishe kwa kukisia ili daftari lipendeze. Rudi ulikopita, kituo kwa kituo, hata kama unajua mwisho wake ni kukosa. Na ukikosa, kesho yake amka ufanye kazi iliyobaki, uwafuate wale uliowaahidi.

Mungu akupe miguu ya kurudia njia, na kila utakapotaka kuikatisha akuletee mtu wa kutembea nyuma yako. Nenda kwa amani.