Maganda ya Kamba Nyumbani kwa Ayeeyo

Gunia la maganda ya kamba wa baharini lilifika Garissa kwa basi kutoka pwani, na kabla sijalishusha vizuri mtaa mzima ulishajua. Lilinuka, tena kweli kweli. Nilikuwa nafundisha kemia chuoni, na kwa ubishi wangu nilitaka kuyageuza maganda hayo yawe kitu cha kusafisha maji ya mto Tana, ambayo yakiingia ndooni huwa mekundu kwa tope.

Tatizo lilikuwa bibi yangu, ambaye sote tunamwita ayeeyo. Alizaliwa Hadado, mbali na bahari, akakuzwa kwa maziwa ya ngamia, na kwake yeye mla samaki ni mtu aliyeishiwa mifugo. Kamba hata hakukubali kuwaita samaki. Ni wadudu tu. Tangu nianze kuloweka maganda uani, aliacha kupokea chai mkononi mwangu, akawa anamwomba mama. Mimi hujifanya sijali, lakini hilo liliniuma vibaya.

Hata hivyo niliendelea. Niliyaloweka kwenye asidi kuondoa chokaa, nikayachemsha kwa soda kali ya kutengenezea sabuni kuondoa mabaki ya nyama, nikarudia kwa soda nzito zaidi ili yaje kuyeyuka, nikasuuza hadi mikono ikachubuka. Mwishowe nikapata vipande vyepesi, vyeupe. Ukiviyeyusha kwenye siki na kumimina kidogo ndani ya maji ya mto, tope hushikana mabonge na kutuama chini. Nilivianika kwenye sinia, maana nilikuwa nimewaalika majirani waje kuona kesho yake.

Niliporudi kutoka sokoni, sinia lilikuwa tupu. Nilivikuta chumbani kwa ayeeyo, vimetandazwa kwenye shashi, kitambaa chake cha kichwani, juu ya kikapu kilichofunika chetezo, jinsi wanawake wetu wanavyofukiza nguo kwa uunsi, ule uvumba wetu wa sukari na manukato. Vipande vyangu vilikuwa vimegeuka rangi ya chai.

"Ayeeyo, umeviharibu!" nilifoka.

Hakushtuka. Aliendelea kuvigeuza kwa vidole vyake, kimoja kimoja, moshi uingie kote.

"Kesho watu watakuja," alisema kwa Kisomali. "Sikutaka wazibe pua mbele yako, halafu waondoke wakuache peke yako na maji yako."

Hasira iliniishia pale pale. Niliketi mkekani karibu naye, machozi yakinilenga, nikaanza kuvigeuza vya upande wangu.